Kukatiwa na Kujikatia: Habari za Umeme wa Kadi katika Jangwa la Australia

Kitenzi "kata" kina minyambuliko mingi katika Kiswahili, na mitatu kati yake yatosha kuelezea historia ya umeme katika nyumba za maskini. Mtu akishindwa kulipa deni, akaja fundi wa kampuni na ngazi na koleo, husemwa kuwa mtu yule amekatiwa umeme. Hapo mtendaji yupo. Ana jina na saa ya kufika, na mwenye nyumba aweza kumwuliza hati aliyokuja nayo. Waya ukianguka kwa upepo, au mtambo ukizimika usiku, husemwa kuwa umeme umekatika. Jambo limetokea, wala hatafutwi wa kulaumiwa. Mnyambuliko wa tatu haukuwa na kazi katika habari za umeme mpaka zilipokuja mita za kulipia kwanza. Wataalamu wa Uingereza, na wa nchi zilizorithi sheria zake, walipotaka kueleza hali ya nyumba ambayo fedha zake zimekwisha ndani ya mita, walisema kuwa mwenye nyumba amejikatia. Mtendaji amerudi katika sentensi, lakini sasa mtendaji na mtendwa ni mtu mmoja.

Neno hilo si jambo dogo. Sheria zote za kumlinda mtumiaji wa umeme zimejengwa juu ya kukatiwa. Zataja onyo la kwanza na la pili, siku za kungoja, na watu wasioguswa kwa sababu ya maradhi. Aliyejikatia hana wa kumpelekea shauri, na kwa muda mrefu hapakuwa hata na daftari la kuandika kuwa amekaa gizani. Mahali panapoonyesha jambo hili kwa uwazi mkubwa ni Northern Territory ya Australia, katika makao ya wenyeji wa asili wa nchi ile, Waaborijini, yaliyo mbali na miji. Lakini kabla ya kufika huko yafaa kujua mita hii ilitoka wapi, maana tabia yake ilianza kuonekana tangu utoto wake.

Mita ya kulipia kwanza ilizaliwa Uingereza, na haikuwa ya umeme bali ya gesi. Mwaka 1887 R. W. Brownhill wa Birmingham alipata hataza ya mita iliyofunguliwa kwa sarafu, na kuanzia mwaka 1892 kampuni ya gesi ya South Metropolitan ya London, iliyoongozwa na George Livesey, ikaanza kuziweka mita za namna hiyo katika nyumba za wafanyakazi. Kabla ya hapo gesi ilikuwa ya watu wenye nyumba kubwa. Kampuni haikumwamini mtu alipwaye ujira wa juma kwa juma kuwa ataweza kulipa hati ya madai ya miezi mitatu, na huenda mtu mwenyewe hakujiamini. Peni moja ilimaliza mashaka ya pande zote mbili. Mpangaji akatia sarafu, akapikia jiko alilokodishwa, na nyumba nyingi ambazo zisingaliiona gesi zikaipata.

Huo ni wema wa kweli, na mtu aandikaye historia ya mita bila kuutaja atakuwa amedhulumu. Ila bei yake yataka kuangaliwa. Anayelipa kwa hati ya madai hukopeshwa na kampuni: hutumia leo, akalipa baada ya majuma mengi, bila riba. Anayelipia kwanza huikopesha kampuni. Kwa desturi mkopo wa bure humwendea tajiri, na maskini ndiye hutanguliza fedha. Tena peni ya mita ilinunua gesi kidogo kuliko peni ya mwenye hati, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na malipo ya jiko na mabomba. Mambo haya mawili, kukopesha na kupunjika, yameifuata mita kila ilikokwenda.

Safari yake kubwa ya pili ilikuwa Afrika Kusini. Katika miaka ya 1980 wakazi wa Soweto na vitongoji vingine vya Waafrika waligoma kulipa kodi za nyumba na huduma. Mgomo ulipata nguvu sana tangu mwaka 1986, nao ulikuwa silaha dhidi ya serikali ya ubaguzi. Utawala ule ulipokuwa ukielekea mwisho, shirika la Eskom lilianza kupeleka umeme kwa watu walionyimwa miaka mingi, na pamoja na umeme likapeleka mita ambayo haiwezi kugomewa. Ikatungwa kanuni ya tarakimu 20, ambayo saa yake ilihesabu dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993. Msomaji wa Tanzania aliyetakiwa kuingiza mafungu ya tarakimu katika mita yake ya LUKU kabla ya tarehe 24 Novemba, 2024, alikuwa akiirekebisha saa hiyohiyo, kwa sababu nafasi ya kuhesabia dakika ilikuwa inakwisha. LUKU ni mtoto wa ukoo huo. Jina lake lasema "Lipa Umeme Kadri Utumiavyo", hali mlipaji hulipa kabla hajatumia hata kidogo. Lakini watoao majina ya biashara hawakuapishwa.

Afrika Kusini na Uingereza zilipata kuulizwa mahakamani swali lilelile, na majibu yao hayakufanana. Nchini Uingereza kampuni za maji zilijaribu vifaa vya kulipia kwanza, vyenye vali iliyojifunga fedha zilipokwisha. Mwaka 1998 mahakama kuu iliamua kuwa kujifunga kwa vali ni kukata maji, na kwamba kampuni haziwezi kukata bila kufuata taratibu zilizowekwa na sheria; mwaka uliofuata bunge likapiga marufuku vifaa hivyo majumbani. Katika Soweto, wakazi wa Phiri walishtaki mita za maji za namna hiyo. Walishinda mwaka 2008 katika mahakama kuu, lakini tarehe 8 Oktoba, 2009, Mahakama ya Katiba iliwapa ushindi wenye mji. Hukumu, iliyoandikwa na Jaji Kate O'Regan, ilieleza kuwa maji yanaposimama katika mita hayakukatwa. Yamesitishwa mpaka mtu anunue mengine au mwezi mpya uingie. Vali zilifanana na kiu ilikuwa moja. Jaji wa London aliona kukatiwa, na majaji wa Johannesburg waliona kungoja. Haki za watu maelfu ziliamuliwa kwa kuchagua kitenzi.

Australia haikupata hukumu kama hiyo juu ya umeme wa kadi. Huko jambo lilikwenda kimyakimya, na ukimya wake una historia.

Northern Territory ina zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.3, na watu wapatao robo milioni tu. Zaidi ya robo ya watu hao ni Waaborijini, na wengi wao hukaa katika makao madogo yaliyotengana kwa mamia ya kilomita. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 wengi walifanya kazi katika mashamba makubwa ya ng'ombe, na malipo yao yalikuwa posho: unga, sukari, majani ya chai, tumbaku, na fedha kidogo au pasiwe na fedha kabisa. Posho ilitolewa dirishani na msimamizi, kwa kipimo chake, kwa siku zake. Tarehe 23 Agosti, 1966, wafanyakazi wa Kigurindji wa shamba la Wave Hill, mali ya kampuni ya Vestey, waliondoka kazini wakiongozwa na Vincent Lingiari. Ulimwengu ulidhani wanadai ujira, kumbe walikuwa wakidai ardhi. Tarehe 16 Agosti, 1975, Waziri Mkuu Gough Whitlam alimimina mchanga katika kiganja cha Lingiari kuwa alama ya kuirudisha, na mwaka 1976 ikatungwa sheria ya haki za ardhi za Waaborijini katika Northern Territory.

Ardhi ilirudi, kazi haikurudi. Amri ya ujira sawa ilipoanza kutumika katika mashamba ya ng'ombe mwezi Desemba, 1968, wenye mashamba wengi waliona afadhali kuwaondoa wafanyakazi kuliko kuwalipa. Familia zikajikuta katika makao ya misheni na ya serikali. Katika miaka ya 1970 nyingine zikarudi kwenye nchi za mababu zao kuanzisha vijiji vidogo. Fedha zilizoingia zilikuwa hasa pensheni na misaada ya serikali, ambayo hulipwa kila baada ya majuma mawili. Umeme ulitoka katika mitambo ya dizeli, na dizeli ilisafirishwa kwa malori katika njia ambazo mvua za masika hufunga kwa majuma. Serikali ya jimbo ilibeba sehemu kubwa ya gharama hiyo, ili mkazi wa jangwani asilipe bei halisi ya mafuta, maana bei hiyo hangeliiweza. Jambo hili laonyesha kuwa tatizo linaloelezwa hapa halikuwa la bei peke yake.

Mita za kadi zilipoenea katika makao haya, hata mwanzoni mwa karne ya 21 zikawa ndiyo desturi, sababu zilizotolewa zilikuwa za busara. Msomaji wa mita hawezi kusafiri siku nzima kwenda kusoma mita za nyumba 40. Barua za madai hazifiki, au zafika kwa mtu aliyekwisha kuhama. Nyumba ni za serikali, zina watu wengi, wageni huja kwa misiba na kwa sherehe, na mtu mmoja ambaye jina lake limo katika hati angebebeshwa deni la ukoo mzima. Kadi, ilisemwa, itamwokoa na deni. Mtu alikwenda dukani, akanunua kadi, akaitia katika mita, na taa ikawaka.

Ilimwokoa kweli. Wakazi wengi walipoulizwa walisema kuwa waipenda kadi kuliko hati ya madai, na mtetezi wa haki asiyetaka kulisikia jibu hilo huwatendea kama watoto. Mama mwenye nyumba hujua kilichobaki, na mgeni aweza kuambiwa atoe zamu yake. Lakini kupenda kadi kuliko deni si sawa na kuridhika na kadi ilivyo. Mtu aulizwaye achague moja kati ya njia mbili huchagua ile isiyomdhuru sana, na waulizaji hawakumpa ya tatu.

Duka lenyewe ni moja. Mara nyingi ndilo duka la pekee katika kilomita 100 au zaidi, lina saa zake za kufunga, na huuza chakula kwa bei iliyopanda kwa sababu ya safari. Fedha zilezile za majuma mawili ndizo za unga, nyama, mafuta ya gari na umeme. Baadaye simu ya mkononi ilikuja kusaidia, mahali ambapo mtandao wake wafika. Ndani ya nyumba mna friji ambayo, pamoja na chakula, huenda imehifadhi insulini, maana kisukari ni miongoni mwa maradhi makubwa ya watu wa makao haya. Na wapo waliorudishwa nyumbani kusafishiwa damu kwa mashine iletayo uhai kwa waya. Saa za giza si saa za giza tu, basi. Nyama yaharibika, na fedha zilizonunua nyama haziwezi kununua kadi.

Hapa ndipo sheria yataka kutazamwa, kwa kuwa ndiyo iliyoupa ukimya huu nafasi. Sheria ya taifa ya kuuza umeme kwa watumiaji ilianza kutumika tarehe 1 Julai, 2012, katika Tasmania na jimbo la mji mkuu, kisha ikafuatwa na South Australia, New South Wales na Queensland. Kanuni zake zamkataza mwuzaji kumkatia mdaiwa siku ya Ijumaa, mwisho wa juma, siku ya sikukuu, au kuanzia tarehe 20 hadi 31 Desemba. Mtu ambaye maisha yake yategemea mashine ya umeme haruhusiwi kuwekwa kwenye mita ya kulipia kwanza. Na mita ikionyesha kuwa mtumiaji amejikatia mara 3 au zaidi katika miezi 3, kila mara kwa zaidi ya dakika 240, mwuzaji hupaswa kumtafuta na kumweleza njia za msaada.

Northern Territory haikujiunga na sehemu hiyo ya sheria. Ikawa mdaiwa wa Sydney alindwa asikatiwe Ijumaa alasiri, lakini mita ya jangwani haijui Ijumaa wala Krismasi. Kutofautiana huko hakukuhitaji mtu mbaya. Hapakuwa na waziri aliyesema kuwa nyumba za Waaborijini zifae kulala gizani. Sheria ilitungwa na watu waliofikiria soko la miji ya mashariki, ambako wauzaji ni wengi na mtumiaji aweza kumwacha mmoja akaenda kwa mwingine. Makao ya dizeli yalionekana kuwa madogo na ya mbali, yatakayoangaliwa baadaye. Historia ya watu hawa imejaa "baadaye".

Mwaka 2007 una matukio mawili ambayo hayakuunganishwa wakati ule, lakini yafaa kuwekwa pamoja. Tarehe 29 Mei, mjini Auckland, New Zealand, mwalimu mzaliwa wa Samoa, Folole Muliaga, aliyetumia mashine ya oksijeni, alifariki saa chache baada ya fundi kuja kukata umeme wa nyumba yake kwa deni la dola 168.40. Nchi nzima ilitikisika. Waziri Mkuu alisema, magazeti yaliandika, na miongozo ya kuwalinda wagonjwa ikakazwa. Majuma yasiyozidi manne baadaye, tarehe 21 Juni, serikali ya Australia ilitangaza hatua za dharura katika Northern Territory. Nusu ya misaada ya watu wa makao yaliyotajwa ilizuiliwa, ikawekwa katika kadi iliyoruhusu kununua vitu fulani na kukataza vingine, na sheria ya kuzuia ubaguzi wa rangi ikasimamishwa ili jambo hilo liwezekane. Auckland palikuwa na fundi, na kwa kuwa palikuwa na fundi palikuwa na uchunguzi. Jangwani mtu alitumia kadi ya serikali kununua kadi ya umeme. Posho imerudi dirishani, na safari hii pasipo msimamizi wa kuonekana uso.

Ni nani, basi, aliyejua ni mara ngapi nyumba hizi hukaa bila umeme? Mwenye nyumba alijua, na jirani yake aliyepelekewa nyama aihifadhi katika friji yake alijua. Lakini ujuzi huo haukuwa takwimu, na serikali husikia takwimu. Mita za zamani hazikuweka kumbukumbu ya saa za giza. Zilipobadilishwa kwa mita zinazopeleka habari zake kila siku, hesabu iliwezekana kwa mara ya kwanza. Ajabu ni kwamba chombo kilichoficha kukatiwa ndicho kilichokuja kutoa ushahidi.

Mwishoni mwa mwaka 2021 jarida la Nature Energy lilichapisha utafiti wa Thomas Longden na wenzake. Miongoni mwa waandishi walikuwamo daktari Simon Quilty, Vanessa Napaltjarri Davis na Michael Klerck wa baraza la Tangentyere la Alice Springs, na Norman Frank Jupurrurla, mzee wa Kiwarumungu wa Tennant Creek ambaye mwenyewe aliishi na mita ya kadi. Walitazama nyumba 3,300 katika makao 28 ya Northern Territory, kwa mwaka wa fedha wa 2018 hadi 2019. Nyumba 91 katika kila 100 zilipata kukatika walau mara moja. Nyumba 74 katika kila 100 zilikatika zaidi ya mara 10. Mwenye kalamu aweza kufanya hesabu yake: nyumba 74 katika 100 za nyumba 3,300 ni zaidi ya 2,400, na kila moja ilikatika si chini ya mara 11, hata kwa hesabu hiyo ya chini kabisa mara za kukatika hazipungui 26,000 kwa mwaka mmoja. Hakuna mji wa Australia ambao ungevumilia jambo hilo kwa juma moja.

Utafiti uliuliza pia kuhusu joto na baridi. Katika sehemu za katikati ya nchi, nyumba zinazotumia umeme mwingi zilikuwa na nafasi 1 katika 3 ya kukatika siku ileile ambayo joto au baridi lilikuwa kali mno. Jibu hilo lakubaliana na akili. Siku ya joto mashine ya kupozea hewa hula kadi kwa upesi, na nyumba za matofali ya saruji zenye paa la bati hupokea jua lote na kulitunza mpaka usiku. Tarehe 3 Januari, 2019, ndani ya mwaka uliochunguzwa, kipimajoto cha Alice Springs kilifika nyuzi 45.6, joto lililokuwa halijapata kuandikwa hapo kabla ya siku hiyo. Anayelipa kwa hati ya madai hupata bili kubwa mwezi unaofuata, akanung'unika. Anayelipia kwanza hupata bili yake saa ileile, na akikosa kulipa, mashine husimama saa ambayo mwili waihitaji kuliko saa zote. Hata hivyo lugha ya kawaida ingesema kuwa siku hiyo alijikatia.

Watu wazungumzao juu ya haki na uwazi katika umeme wa kulipia kwanza mara nyingi huzungumza habari za bei tu. Bei yafaa iandikwe wazi, hapana shaka, na makato ya kununulia yasifichwe, na maneno ya mita yasomeke na bibi ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu au ya nne. Lakini uwazi wa upande mmoja wamfanya mnunuzi aone kila senti yake inavyokwenda, na muuzaji asionekane kabisa. Uwazi mzito zaidi ni wa muuzaji kutangaza kila mwaka ni nyumba ngapi zilizimika, mara ngapi, kwa saa ngapi, na siku za joto gani. Takwimu za utafiti ule hazikuhitaji chombo kipya. Zilikuwa zimelala katika mashine za kampuni zikingoja mtu aziulize.

Wala si kweli kwamba chombo hakiwezi kujengwa vinginevyo. Kati ya mwaka 2002 na 2013 mpango ulioitwa Bushlight, chini ya kituo cha ufundi cha Alice Springs kilichojulikana kwa jina la Centre for Appropriate Technology, uliweka mitambo ya jua katika vijiji vidogo zaidi ya 100. Kabla ya kuweka paneli, wafanyakazi wake walikaa na kila familia wakapanga pamoja nayo matumizi ya siku. Nyaya za nyumba ziligawanywa: friji na taa zilikuwa na njia yao isiyozimwa ovyo, na vitu vingine vilikuwa na njia ya pili yenye mipaka. Umeme ulipopungua, njia ya pili ilitangulia kuzima. Mtu alikubaliana mapema na mtambo wake juu ya kipi kitangulie na kipi kibaki. Fundi wa mita za kadi angeweza kufanya hivyohivyo, lakini mita ya kadi hukata friji na redio kwa mkato mmoja, kwa kuwa aliyeiagiza alitaka kujua kama fedha zimo au hazimo, basi.

Jua lilifika pia kwa njia nyingine. Kufikia mwaka 2019 serikali ya jimbo, pamoja na shirika la taifa la nishati jadidifu, ilikwisha kuweka megawati 10 za umeme wa jua katika makao 25, na katika Daly River betri kubwa iliwezesha mitambo ya dizeli kulala mchana. Mafuta mengi yaliokolewa. Lakini paneli zile zilikuwa za mwenye mtambo. Nyumba iliyokuwa ikinunua kadi Jumatatu kabla ya mradi ilinunua kadi ileile Jumatatu baada ya mradi, na kadi ilikwisha upesi uleule.

Jupurrurla alitaka paneli juu ya paa lake mwenyewe. Nyumba ilikuwa ya serikali, mita ilikuwa ya kadi, na hapakuwa na utaratibu ulioandikwa wa kuviunganisha viwili hivyo. Mwenye nyumba ya Darwin aliyeweka paneli alikuwa na hati ya madai ambayo umeme wake wa ziada uliweza kupunguzwa humo. Mita ya kadi haikuwa na mahali pa kuandika kuwa mtu huyu ameuza, kwa maana ilikuwa imefundishwa kupokea tu. Majadiliano yalichukua muda mrefu kuliko kazi ya mafundi. Mwishowe paneli ziliunganishwa, na nyumba yake ikawa miongoni mwa za kwanza za namna yake katika jimbo zima kuzalisha umeme juu ya paa hali ina mita ya kulipia kwanza. Mchana, jua likiwapo, mashine ya kupozea hewa hufanya kazi bila kugusa kadi. Usiku mita hurudi kuhesabu kama kawaida.